Daftari la Filomena

Usiku wa kurudi kutoka jangwa la chumvi,
kabla sijavua buti, kabla sijanywa supu,
namwosha Filomena tumbo.
Chumvi hailali. Ukiiacha ikauke
asubuhi utaikuta imeshaanza kula
pembeni mwa kila bolti, kimyakimya,
kama mgeni asiyeaga.

Maji ya Colchani mwezi wa Julai
ni barafu inayojifanya maji.
Vidole vinakufa kimoja kimoja.
Naanza na springi za nyuma, zinazojificha,
kisha fremu, kisha matundu ya fremu,
mpaka maji yanayodondoka
niyaonje yasiwe na ladha.

Ndiyo, nayaonja. Kaka yangu Nicanor alinifundisha:
jicho hudanganywa na taa, ulimi hapana.

Daftari ni la shule, lina picha ya lama jaladani
na lama ana madoa ya oili mpaka masikioni.
Mwandiko wa kaka umelala kushoto
kama mtu anayepanda mlima kwa upepo wa mbele.
Elfu tano, oili ya injini na chujio lake;
hilo hata mtoto analijua.
Elfu kumi, matairi yabadilishane miguu,
la mbele liende nyuma likapumzike,
kama nyuma kuna kupumzika.
Na grisi kila Jumapili, hata ya Pasaka,
hata gari lisipotoka uani:
unasukuma bomba, moja, mbili, tatu,
mpaka nyeusi ya zamani isalimu amri
na nyuma yake ije ya njano, safi kama siagi.
Ukiona njano, acha.
Grisi si upendo; ikizidi inapasua mpira.

Jumanne ya kanivali majirani huyavika magari maua,
huyamwagia pombe, huiomba ardhi isiyameze.
Nami humwaga.
Ila mkono wa pili huwa umeshika spana.

Alikuwa ameandika kazi zote mbele,
mpaka kilomita laki nne,
visanduku vitupu vikisubiri vema,
yeye mwenye mapafu yaliyojaa vumbi la mgodi.
Kwa mapafu hakuna chujio la kubadilisha.

Ukurasa wa kumi na tisa una uongo mmoja.
Laki mbili na elfu themanini: oili ya difu, mbele na nyuma.
Pana alama ya vema. Wino ni wangu.
Siku hiyo tulimzika.
Nilirudi na udongo viatuni, nikaketi humu garini,
sikugusa spana, sikufungua kitu.
Mwandiko wake uliniuliza
nami sikuwa na jibu jingine.

Wageni hawajui haya. Wao huruka kwenye weupe
wapigwe picha wakiwa hewani,
kisha huuliza kama gari ni zima.
Nawaambia lina miaka ishirini na minane.
Hucheka, halafu hufunga mikanda.

Leo mita imesoma laki tatu na elfu ishirini.
Difu, mbele na nyuma. Zamu imerudi.
Nafungua kwanza kizibo cha kujazia,
daima cha kujazia kwanza, alisema,
usije ukamwaga usichoweza kurudisha.
Kisha cha chini.
Oili inatoka nzito, inanuka kiberiti,
na kwenye sumaku kuna manyoya ya chuma,
fungu kubwa kuliko haki yake:
meno ya gia yaliyosagika
kilomita elfu themanini badala ya arobaini
bila kunilalamikia hata siku moja.
Napangusa kwa kitambaa. Kitambaa sikitupi.

Pembeni mwa ule uongo naandika kwa penseli:
haikufanyika.
Najaza mpaka tundu lifurike. Nakaza.

Kesho saa kumi na moja alfajiri, wageni sita.
Supu imeshaganda.